Ufunuo binafsi kwa Wamormoni: ni njia ya kumwona Mungu au ni hisia za moyo tu?

#1 Msomaji_wa_Etheri
Wakuu, salamu.

Mimi ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hawa mnaowaita Wamormoni, niko Nairobi. Naleta hoja, wa ndani na wa nje mchangie.

Kanisa letu linaanzia kwa kijana wa miaka 14, Joseph Smith, aliyeingia msituni peke yake mwaka 1820, karibu na Palmyra, jimbo la New York. Alikuwa amesoma Yakobo 1:5, kwamba aliyepungukiwa na hekima aombe kwa Mungu. Akaenda kuomba, na alisimulia kwamba huko alimwona Bwana. Hakutumwa na mchungaji wala hakupewa barua na mtu.

Kitabu cha Mormoni, maandiko yetu mengine pamoja na Biblia, nacho kimejaa watu wa namna hiyo. Enoshi alikwenda kuwinda, akajikuta anaomba mchana kutwa mpaka usiku. Kaka wa Yaredi alipanda mlimani na mawe 16 ili Bwana ayaguse yatoe mwanga ndani ya vyombo vya kuvukia bahari, akakiona kidole cha Bwana, kisha akamwona Bwana mwenyewe. Halafu Mafundisho na Maagano, kitabu chetu cha ufunuo wa enzi za Joseph na baada yake, 93:1 inasema kila nafsi itakayoacha dhambi zake, ikamjia, ikaliita jina lake na kushika amri zake, itauona uso wake. Kila nafsi. Haijasema kila mtume.

Sasa hoja yangu ni hii: mlango huo uko wazi kwenye maandiko, ila sisi tumeacha kuuendea. Vikao vyetu vimejaa ratiba na wito, yaani kazi ya kanisani, nani kapewa. Jumapili ya mfungo, siku ya kufunga na kutoa ushuhuda, mtu anasimama na kusema anajua Kanisa ni la kweli, anakaa. Ni wachache wanaotueleza wamemjuaje Mungu. Je, muumini wa kawaida anatakiwa kumtafuta Mungu mpaka amwone, au hilo tumewaachia manabii wa Salt Lake, makao makuu ya Kanisa? Na akisikia kitu moyoni, atajuaje kwamba si mawazo yake mwenyewe?

#2 Kijiwe_Nungwi
Navuta kiti. Hawa si ndio wale vijana wawili wa shati jeupe, tai na kibao cha jina kifuani? Nawaonaga wanatembea juani tu, sikujua nyuma yao kuna habari nzito hivi.

#3 NduguKata
Ndio hao, mkuu.

Msomaji, umeuliza maswali mawili na umeyafunga pamoja. Hilo la kwanza lina jibu la zamani sana. Septemba 1830, Kanisa halijamaliza hata miezi sita, muumini mmoja, Hiram Page, alikuwa na jiwe lake la kuonea mambo na akadai anapokea ufunuo kwa ajili ya Kanisa zima. Hata Oliver Cowdery, msaidizi wa Joseph, alimwamini. Jibu lililokuja liko Mafundisho na Maagano, sehemu ya 28: anayepokea ufunuo kwa Kanisa zima ni mmoja. Page hakukatazwa kuomba wala kupata nuru ya maisha yake. Alikatazwa kuwaamuru wengine kwa nuru hiyo.

Mwaka 2010 Dallin H. Oaks, ambaye sasa ndiye Rais wa Kanisa, alilieleza kwenye mkutano mkuu kwamba kuna njia mbili za mawasiliano na Mungu, ya mtu binafsi na ya ukuhani, yaani kupitia viongozi, na zote mbili zinahitajika. Ukikata ya kwanza unabaki na utaratibu usio na moto. Ukikata ya pili kila nyumba inakuwa na dini yake.

Kwa hiyo omba, tena omba sana. Ila ukipewa kitu, kwanza jiulize ni cha nani.

#4 Kalamu_Nyekundu
Mimi si muumini, nasoma historia. Nataka mwanzo uwekwe sawa maana hoja nzima ya Msomaji imesimama juu yake.

Magharibi ya New York miaka ile ilikuwa inawaka mikutano ya uamsho. Wamethodisti, Wapresbiteri na Wabaptisti walikuwa wanagombania roho za watu, na watu wengi walisema wamemwona Yesu au malaika. Joseph hakuwa wa ajabu kwa hilo. Pili, habari hiyo ya msituni aliiandika mara ya kwanza 1838, miaka 18 baadaye. Tatu, familia yake ilikuwa ya watu wanaotafuta hazina ardhini kwa kutumia jiwe la kuonea. Kabla ya manabii, hapo kulikuwa na uganga wa kijijini wa Wazungu wa enzi ile. Ukiita huo ufunuo binafsi, sawa, lakini ujue umekulia wapi.

#5 Mlokole_Mbeya
Kalamu umesema kweli. Mimi naongeza Neno: Yeremia 17:9, moyo huwa mdanganyifu kuliko vitu vyote. Mtu anaambiwa asome Kitabu cha Mormoni, aombe, akisikia joto kifuani basi kitabu ni cha kweli. Hata Shetani anaweza kumpa mtu joto. Kipimo ni Biblia, hakuna kingine.

#6 NduguKata
Kalamu, #4 ina kosa la mwaka. Maelezo ya kwanza ni ya 1832, na sehemu yake imeandikwa kwa mkono wa Joseph mwenyewe. Yapo pia ya 1835, ya 1838 na ya 1842. Kuhusu jiwe hakuna anayeficha: Agosti 2015 Kanisa lenyewe lilichapisha picha zake, jiwe la rangi ya kahawia kama chokoleti.

Mlokole, ndugu yangu, yale ya Emau (Luka 24:32) unayasomaje? Wale wawili waliulizana kama mioyo yao haikuwaka walipokuwa njiani na Bwana. Na huyo huyo Yakobo anayesema omba yumo kwenye Biblia yako.

#7 Kalamu_Nyekundu
1832, sawa. Lakini hapo umenipa silaha. Maelezo ya 1832 yanasema alimwona Bwana na akaambiwa dhambi zake zimesamehewa. Yale ya 1838 yanasema Watu wawili, Baba na Mwana, na jambo kuu ni kanisa lipi ni sahihi. Hata umri umesogea. Hadithi imekua kadiri Kanisa lilivyokua.

#8 Msomaji_wa_Etheri
Kalamu, mimi hapo ndipo nachota maji. Ya 1832 ni kijana anayelia kwa ajili ya dhambi zake na anasamehewa. Ni habari ya nafsi moja na Mungu wake. Ya 1838 aliiandika akiwa kiongozi wa watu waliofukuzwa, akiandika historia ya Kanisa, kwa hiyo akatoa lile linalolihusu Kanisa. Zote mbili nazipokea. Ila vijana wetu tunawafundisha ya 1838 tu, na ile ya msamaha wanakuja kuikuta ukubwani, wengine wanaikutia kwa wapinzani. Hicho ndicho ninacholalamikia.

#9 BintiTanga
Assalam alaikum wadau. Mimi Muislamu, nimevutwa na lile swali la pili la mleta uzi.

Kwetu kuna istikhara. Una jambo, ndoa au safari au biashara, unaswali rakaa mbili, unasoma dua, unamwachia Mungu akuchagulie la kheri. Watu wengi mtaani wanalala wakisubiri ndoto. Bibi yangu alikuwa anatugombeza kwa hilo. Alikuwa anasema fanya utafiti wako, uliza watu wazima, swali, kisha anza kutembea. Likiwa na kheri litafunguka, likiwa na shari litakukwama. Na masheikh wanafundisha kwamba ndoto si sharti la istikhara.

Nyie mnatumia ndoto au mnatumia nini?

#10 NduguKata
Wa alaikum salaam. Dada, bibi yako angesoma sehemu ya 9 angetikisa kichwa kukubali. Aprili 1829, Harmony, Pennsylvania, Oliver Cowdery alikuwa karani wa Joseph, akataka naye atafsiri Kitabu cha Mormoni. Akashindwa. Akaambiwa kosa lake ni kudhani atapewa tu bila kufikiri. Ilibidi alichunguze jambo akilini kwanza, afikie uamuzi, ndipo aulize kama ni sawa. Kikiwa sawa kifua kitawaka. Kisipokuwa sawa atapata bumbuwazi la mawazo, jambo litamtoka akilini.

Ndoto zipo pia, kwenye Kitabu cha Mormoni baba yake Nefi alikuwa mtu wa ndoto. Ila za kawaida kwetu ni chache.

#11 Mwanza_Kimya
Naandika kwa mara ya kwanza humu. Nilibatizwa Mwanza nikiwa chuo. Wamisionari walinipa ahadi ya Moroni 10:4, mwishoni mwa Kitabu cha Mormoni, niombe nijue kama ni cha kweli. Niliomba. Sikusikia moto wala sauti, hakuna. Nilibatizwa kwa sababu mafundisho yaliniingia akilini na maisha yangu yalibadilika, niliacha pombe, nikaanza kuelewana na baba. Miaka imepita, kila Jumapili ya mfungo nasikia wenzangu wakieleza vifua kuwaka na mimi nakaa kimya. Nimefika mahali naona labda Mungu ana watu wake wa kuzungumza nao na mimi simo.

#12 MtuWaLoyola
Mwanza, pole. Mimi Mkatoliki, lakini hili tunalijua sana.

Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, alivunjwa mguu kwa mzinga Pamplona mwaka 1521. Kitandani alikuwa akiota habari za vita na mabibi wa kifalme, na siku nyingine akiwaza maisha ya watakatifu. Vyote vilimfurahisha wakati anaviwaza. Tofauti aliiona baadaye: mawazo ya kwanza yakiondoka yalimwacha mkavu, ya pili yakiondoka furaha ilibaki. Utambuzi wake wa roho ulianzia hapo. Usipime kitu kwa ukali wake saa kilipokuja, pima kwa kile kilichoachwa. Wewe umeacha pombe na umepatana na baba yako. Hayo yamebaki.

Na kuhusu ukavu: barua za Mama Teresa wa Calcutta zilizochapishwa 2007 zinaonyesha aliishi miaka mingi bila kuhisi uwepo wa Mungu. Yohane wa Msalaba aliuita usiku wa giza wa roho. Kwetu ukavu si ushahidi kwamba umekataliwa.

#13 NduguKata
Mwanza, soma 3 Nefi 9:20, polepole. Bwana anazungumzia Walamani, watu wa kabila moja la Kitabu cha Mormoni, waliobatizwa kwa moto na kwa Roho Mtakatifu wakati wa kuongoka kwao, *na hawakujua*. Walikuwa ndani ya moto na hawakujua ni moto. Mstari huo umewaokoa watu wengi ninaowafahamu.

Ongeza sura ya 11 ya kitabu hicho hicho. Umati umekusanyika hekaluni, sauti inatoka mbinguni, si kali wala si kubwa, na hawaielewi. Inakuja mara ya pili, hawaielewi. Mara ya tatu wanafungua masikio, wanaangalia juu inakotoka, ndipo wanaelewa. Sauti ilikuwa ni ile ile mara zote tatu.

Na Oaks aliandika mwaka 1997 kwamba huko kuwaka kwa kifua maana yake ni hisia ya faraja na utulivu. Tusiwabebeshe watu joto la mwili ambalo hawakuahidiwa.

#14 Tabibu_Kitaa
Mtu wa afya hapa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichapisha utafiti wao: waliwaweka Wamormoni 19, wote waliowahi kuwa wamisionari, ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo. Wakasoma maandiko, wakaangalia video za kanisa, wakaambiwa wabonyeze kitufe wakimhisi Roho kwa nguvu. Sekunde moja hadi tatu kabla ya kubonyeza, ile sehemu ya ubongo inayohusika na malipo ya furaha inaamka. Ndiyo inayoamka kwa mapenzi, muziki, kamari na dawa za kulevya. Mapigo ya moyo yanapanda, pumzi inakuwa ya kina.

Kwa hiyo kifua kinawaka kweli, sio uongo. Lakini kinawaka kwa utaratibu wa mwili, na kila dini ina wa kwake.

#15 Mlokole_Mbeya
Asante Tabibu. Nilisema mimi.

#16 BintiTanga
Mlokole usishangilie, ubongo wako ukipigwa picha katikati ya mkesha wa maombi utawaka kama Dar usiku 😄

#17 MtuWaLoyola
Tabibu, nikimwona mama yangu ubongo wangu pia unaamka mahali fulani. Haina maana kwamba mama hayupo mlangoni. Picha inaonyesha nyumba imepata mgeni, haionyeshi mgeni ni nani.

#18 Tabibu_Kitaa
Nakubali, picha haikatai. Ila haithibitishi pia, na watu wanaitumia hisia hiyo kama uthibitisho wa mambo makubwa: kitabu fulani ni cha kale, fulani ni nabii. Ukiniambia ilikupa nguvu ya kuacha pombe nitakuelewa. Ukiniambia imekuonyesha historia ya Marekani ya kale, hapo sikufuati.

#19 Dada_wa_Eldoret
Ngoja niwapeleke pembeni kidogo, maana kuna watu wanaumizwa na hizi "Roho ameniambia".

Nikiwa na miaka 23, kaka mmoja wa kanisani alinijia baada ya ibada, uso wa kazi kabisa, akaniambia amefunga na kuomba na Bwana amemwonyesha mimi ni mke wake. Nikashtuka. Nilikuwa nachumbiwa na mtu mwingine. Nikalala siku kadhaa na hofu, nikijiuliza kama nikikataa namkataa Mungu. Mama yangu, ambaye hata si Mmormoni, akaniuliza swali moja: "Na wewe amekwambia nini?"

Baadaye nikakuta Oaks alishalisema zamani, mwaka 1981, akiwa bado hajawa mtume: kijana akimwambia msichana amepata ufunuo kwamba waoane, ufunuo huo hauwezi kusimama mpaka msichana naye apate wake. Nje ya mipaka ya uwakili wako, yaani dhamana uliyopewa, hupokei kwa niaba ya mtu. Laiti lingefundishwa kwa nguvu kwenye madarasa ya vijana kama tunavyowafundisha kuombea jibu.

#20 Kijiwe_Nungwi
Hiyo ya "Mungu amenionyesha wewe ni mke wangu" haina dhehebu. Iko kila kanisa, na huyo Mungu anawaonyeshaga warembo tu.

#21 BintiTanga
Dada, mama yako na bibi yangu wangekaa jamvi moja.

#22 Mkongo_SaltLake
Bandugu, jambo. Mimi ni wa Uvira, nimepitia kambi ya Nyarugusu, sasa niko Utah. Hapa tunasali kwa Kiswahili, wengi ni Wakongo na Warundi.

Nilifika Palmyra na familia. Msitu upo, watu wanaingia bure. Kitu kilichonishika ni kwamba hakuna alama. Nilitafuta jiwe au kibao cha kuonyesha hapa ndipo alipopiga magoti. Hakuna anayejua ni wapi. Kuna njia za kutembea, miti mirefu na mabenchi. Mke wangu akaenda huku, mimi kule, watoto wakanyamaza wenyewe. Kila mtu akapiga magoti mahali alipopenda. Nilifikiri ni vizuri hivyo.

Kuhusu hoja ya Msomaji: mimi naona umeitazama nusu. Kumwendea Mungu kwetu si kukaa msituni tu. Tulipofika hapa hatujui mtu, waliokuja na magodoro na kutufundisha kupanda basi walikuwa watu wa kata, yaani usharika wetu. Mfalme Benyamini wa Kitabu cha Mormoni anasema ukiwatumikia wenzako unamtumikia Mungu wako. Nimemhisi Bwana zaidi nikibeba sofa la mgeni kwenye ngazi kuliko nikiwa peke yangu nimefumba macho.

#23 Msomaji_wa_Etheri
Ndugu Mkongo, nimekusoma na sina ubishi na sofa. Lakini huwezi kusema huduma inatosha, maana huduma hata asiyeamini anafanya. Alma 32, kwenye Kitabu cha Mormoni, inataka jaribio: panda neno, liangalie linavyovimba ndani, lilee. Na mstari wa 34 unasema ujuzi wako umekamilika katika *jambo hilo* tu. Kuna mengine mbele. Mafundisho na Maagano sehemu ya 50 nayo inasema nuru inazidi kung'aa mpaka mchana mkamilifu. Naona tumefika asubuhi tumekaa chini.

#24 Kalamu_Nyekundu
Msomaji, tumia mfano wa watu halisi. Nani muumini wa kawaida, baada ya Joseph, alimwona Bwana? Nipe jina na ushahidi.

#25 NduguKata
Lorenzo Snow. Septemba 1898, Woodruff, Rais wa Kanisa, amefariki, Snow anaomba hekaluni Salt Lake, baadaye anamwonyesha mjukuu wake mahali kwenye korido ambapo Bwana Yesu alimtokea.

#26 Kalamu_Nyekundu
Snow si muumini wa kawaida, alikuwa rais wa mitume. Na habari hiyo imechapishwa 1933, imesimuliwa na mjukuu na kuandikwa na mtoto wa Snow. Miaka 35. Snow mwenyewe hakuiandika.

#27 Mkongo_SaltLake
Basi mimi nawapa wa kawaida kabisa. Anthony Obinna, mwalimu wa Nigeria, Mwigbo. Mwaka 1965 anaota ndoto: mtu mrefu anamchukua na kumwonyesha jengo zuri sana, ndani yake watu wamevaa nyeupe wanaimba. Hajui ni wapi. Miaka kadhaa baadaye, wakati wa vita vya Biafra amejifungia ndani, anafungua jarida la zamani na kuona picha ya jengo lile lile. Hekalu la Salt Lake. Anaandika barua. Anajibiwa kwamba hakuna mpango wa kuja Nigeria kwa sasa.

Hajaacha. Anakusanya watu, anafundisha, anachekwa. Ghana pia Joseph William Billy Johnson alikuwa amepata Kitabu cha Mormoni 1964 akaanzisha makundi bila mmisionari yeyote. Obinna alibatizwa 21 Novemba 1978, ndiye aliyekuwa rais wa tawi la kwanza la Nigeria kwao Aboh Mbaise.

Roho alimfikia Mwafrika kabla ya barua kutoka ofisini. Mimi nikisoma hapo huwa nasimama.

#28 Tabibu_Kitaa
Na kwa nini hakukuwa na mpango? Semeni lote. Mpaka Juni 1978 mtu mweusi hakuwa anapewa ukuhani wala kuingia kwa ibada za hekaluni. Njia mbili za #3 zinasemaje hapo? Njia ya mtu binafsi ilifika 1965. Njia ya ukuhani ikachelewa miaka 13.

#29 Dada_wa_Eldoret
Naomba nilijibu mimi maana linaniuma.

Halikuwa hivyo tangu mwanzo. Elijah Abel, mtu mweusi, alipewa ukuhani 1836, Joseph akiwa hai. Katazo lilitangazwa 1852 na Brigham Young, aliyeongoza Kanisa baada ya Joseph. Mwaka 2013 Kanisa lilichapisha maelezo likakana nadharia zote za zamani zilizosema weusi ni laana. Spencer W. Kimball, Rais wa Kanisa wakati huo, alikuwa akienda peke yake hekaluni kuomba juu ya jambo hilo, na tarehe 1 Juni 1978 akaomba pamoja na washauri wake na mitume, wakapata jibu wote kwa pamoja.

Ila sitasema kuchelewa huko kulikuwa mpango wa Mungu. Watu walikufa wakisubiri. Ninachoamini ni kwamba Mungu hakuwasubiri viongozi ili aongee na Obinna. Na Obinna hakuanzisha kanisa lake kwa hasira. Alisubiri na bado alishikilia alichoonyeshwa. Hilo kwangu ni gumu kuliko kuona maono.

#30 Mlokole_Mbeya
Dada umesema vizuri, nimeguswa. Ila swali linabaki: kama viongozi waliongoza wakiwa wamekosea kwa miaka 126, ule ufunuo wao kwa Kanisa zima unaaminikaje?

#31 NduguKata
Mlokole, Petro alihitaji maono ya shuka mara tatu ndipo aingie nyumbani kwa Kornelio, na Kornelio alikuwa ameshatokewa na malaika kabla yake. Matendo 10. Mtu wa nje alipata kwanza, mtume akafuata. Haikumwondolea Petro utume.

#32 Kalamu_Nyekundu
Hiyo ni hoja nzuri ya kidini. Kihistoria mimi naona shinikizo: Brazili walikuwa wanajenga hekalu São Paulo, lililoanza kuwekwa wakfu 30 Oktoba 1978, kwenye nchi ambayo huwezi kutenganisha nani ana damu ya Afrika na nani hana. Hali ilikuwa inawalazimisha waulize.

#33 NduguKata
Na sehemu ya 9 inasema lichunguze akilini kwanza, kisha uulize. Brazili iliwafanya wachunguze. Mimi na wewe tunaona kitu kimoja, Kalamu, ila wewe unaishia kwenye swali na mimi naendelea mpaka kwenye jibu.

#34 MtuWaLoyola
Kabla uzi haujazama kwenye siasa za kanisa, kuna jambo la mleta uzi halijaguswa. Kukua kuelekea Mungu kwenu kunaishia wapi? Nimesikia Lorenzo Snow huyo huyo alisema kama alivyo mtu Mungu aliwahi kuwa, na kama alivyo Mungu mtu anaweza kuwa. Athanasi wa Alexandria, karne ya nne, naye alisema Mungu alifanyika mtu ili mtu afanywe mungu. Lakini kwetu muumba anabaki muumba, mtu anashiriki tu uzima wake. Kwenu je?

#35 Msomaji_wa_Etheri
Kwetu Mungu ni Baba kweli, na mtoto anakua kufanana na baba yake. Joseph alilifundisha Nauvoo, Illinois, 7 Aprili 1844, kwenye hotuba ya mazishi ya King Follett, miezi michache kabla ya kuuawa. Sehemu ile kwamba Mungu aliwahi kuwa kama sisi haifundishwi sana siku hizi. Ile ya kuinuliwa na kufanana naye inafundishwa wazi. Na ndiyo maana nauliza nilichouliza. Kama mwisho wa safari ni kufanana na Baba, haiwezekani mtu asafiri miaka yote hiyo bila kuzungumza naye.

#36 Mlokole_Mbeya
Hapo ndipo tunaachana njia kabisa. Isaya 43:10, kabla yangu hakuumbwa mungu, wala baada yangu hatakuwapo mwingine. Narudi baadaye.

#37 Mwanza_Kimya
Asanteni kwa #12 na #13. Ule mstari wa 3 Nefi nimeusoma mara nyingi tangu juzi. Nina swali kwa Tabibu na wengine. Nimewahi kutibiwa sonona. Nikiwa kwenye hali ile, amani haipo kabisa, hata kwa jambo ninalojua ni jema. Na nikiwa na wasiwasi kila uamuzi unaleta bumbuwazi. Kama Roho anajibu kwa amani, mtu kama mimi anasomaje jibu?

#38 Tabibu_Kitaa
Swali la maana kuliko yote humu. Kwanza usiache dawa wala miadi kwa sababu ya jibu lolote la maombi. Pili, usifanye uamuzi mkubwa ukiwa chini, subiri ukiwa kwenye hali yako ya kawaida, na mshirikishe mtu unayemwamini. Sonona inazima hisia nzuri zote, pamoja na hizo mnazoita za Roho. Haichagui.

#39 MtuWaLoyola
Ignasi ana kanuni hiyo hiyo: wakati wa ukiwa usibadilishe uamuzi ulioufanya ukiwa na faraja.

#40 NduguKata
Mwanza, mimi nitakujibu tofauti kidogo na Tabibu. Sehemu ya 8, mistari ya 2 na 3, inasema Roho anasema akilini na moyoni. Moyo ukiwa mgonjwa, akili bado ipo. Wewe mwenyewe ulisema mafundisho yalikuingia akilini. Kwa nini umelihesabu hilo kuwa si jibu?

#41 Mwanza_Kimya
Kwa sababu hakuna aliyewahi kusimama mimbarini akasema hivyo.

#42 Dada_wa_Eldoret
Basi simama wewe Jumapili ya mfungo ijayo. Sema hivyo hivyo ulivyoandika #11, usiongeze kitu.

#43 Msomaji_wa_Etheri
Nakazia #42. Na mimi ya 1832 naipeleka darasani, nimeshamwomba mwalimu wa vijana anipe dakika kumi. Kalamu, una nakala nzuri ya maelezo yote manne yakiwa pamoja? Nataka wayaone yote wakiwa na mimi, wasiyakute peke yao.

#44 Kalamu_Nyekundu
Ninayo. Angalia ujumbe wako wa faragha. Ila waambie na habari ya jiwe.

#45 Kijiwe_Nungwi
Samahani wadau, nasikia Nairobi mna hekalu, mtu wa nje anaingia au ndiyo tunaishia getini?

#46 Dada_wa_Eldoret
Kabla halijawekwa wakfu Mei 2025 kulikuwa na siku za kila mtu kuingia kutazama. Sasa ndani ni kwa wenye kibali tu. Ila nyumba ya ibada ya Jumapili haina geti kwa mtu, njoo.